Hatavuka Ziwa Bila Kuaga

Buzebazeba, Jumapili, Oktoba 2025. Mwaka wa ishirini na tisa tangu nivuke ziwa.

Mwanangu Riziki,

Umepanda bodaboda kwenda Gungu kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina muda. Jua limeanza kuegemea upande wa Kongo, na kwa kuwa mvua za kwanza zimeosha vumbi hewani, milima ya kule inaonekana yote, hata mikunjo yake. Nimekaa mezani, friji nimeipa mgongo ili milima niione vizuri. Friji inanguruma. Kompresa yake imechoka kama mimi, lakini bado inagandisha.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kufunga begi kwa kufuli ndani ya treni, wala za kula kwa wakati. Hayo mama yako mdogo ameyasema wiki nzima na kesho ataendelea kuyasema stesheni. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza Alhamisi, ukiwa umesimama mlangoni na sufuria ya dagaa mkononi.

"Baba, mimi nikienda Dodoma, wewe utavuka kurudi Baraka au utabaki hapa?"

Nikakujibu, "Tutaona, mama."

Ukaweka sufuria chini. "Tutaona ndiyo unayompa baba mdogo kila akipiga simu kutoka huko Baraka. Mimi sianzi kazi na tutaona. Kama unabaki, nijue pa kurudi likizo. Kama unavuka, niwaombe waniahirishie kazi nikupeleke mwenyewe. Na wakikataa kuahirisha, basi kazi waichukue."

Ulifanana na mama yako hadi nikaangalia pembeni. Jibu liko mwisho wa barua hii. Usiruke kurasa, nakujua.

Watu wa mtaa wananiuliza unakwenda kufanya kazi gani. Nawaambia kuna mkataba wa nchi za dunia kuhusu gesi za kwenye friji na viyoyozi, na mwanangu atakuwa miongoni mwa wanaokwenda kuisemea Tanzania kwenye mikutano yake. Mama Zaina wa samaki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo Riziki atakuwa anagombana na Wazungu kuhusu friza?"

Nikasema ndiyo, kwa kiasi fulani.

"Basi mwambie asije akakubali wanichukulie yangu."

Nimekufikishia.

Mambo ya gesi unayajua kuliko mimi sasa. Nayaandika ili uone nilivyoyaishi. Kule Baraka, ng'ambo ya ziwa, nilikuwa mwalimu wa fizikia, nikifundisha kwa Kifaransa. Huku, Kifaransa changu hakikuwa na mwanafunzi, na Kiswahili changu kiliwachekesha watu. Nilisema "bintu" na wao wakasema "vitu", wakanirudisha niseme tena ili wacheke vizuri. Nikashika kazi ya mikono. Nilipoanza kutengeneza friji hapa Ujiji, gesi iliyokuwa kwenye mitungi ni ile ya zamani, iliyokuwa ikila tabaka la ozoni. Ikaja nyingine, tukaambiwa hii haigusi ozoni, na kweli haigusi. Ila ikifika angani inakaa na kushika joto. Kilo moja tu inashika joto kuliko tani nzima ya kaboni dioksaidi. Ndiyo hiyo na ndugu zake ambazo nchi zilikubaliana pale Kigali, kwa jirani zetu, kuzipunguza hatua kwa hatua.

Mafundi tulikuwa na tabia moja. Friji ikija na ugonjwa, kabla ya kuchomea mrija unaukata, na gesi yote unaipuliza nje. Hakuna aliyekuwa na mashine ya kuinyonya na kuirudisha kwenye mtungi. Hakuna hata aliyejua kwamba mashine hiyo ipo. Na wewe ulipokuwa mdogo, hujaanza shule, ulikuwa unakuja nyuma ya karakana na kunivuta suruali: "Baba, fanya theluji."

Nageuza mtungi kichwa chini, nafungua koki kidogo, napuliza kwenye majani. Majani yanakuwa meupe, katika joto lile la Ujiji, watoto wa majirani wakisimama mbali kwa woga. Wewe unangoja nifunge koki, unayagusa kwa ncha ya kidole, kisha unakimbia kumwonyesha mama yako. Ukifika barafu imekwisha, kimebaki kidole kilicholowa. Mama yako anakishika, anakitazama. "Naiona," anasema. "Naiona."

Nilikuchezea, mwanangu, kwa gesi ileile unayokwenda kuizuia. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Siwezi kuyaombea radhi majani yale, kwa sababu nadhani ndipo ulipoanza kuuliza baridi inatoka wapi. Nalitaja tu kwa kuwa utakaa meza moja na watu ambao nchi zao zimepuliza gesi kuliko karakana zote za ziwa hili zikijumlishwa, na utashawishika kuwaona watu wabaya. Wapo waliojua na wakanyamaza. Lakini wengi walikuwa wakiwafanyia watoto wao theluji.

Kosa langu la hadharani unalijua, maana mama yako alilitania mpaka alipofariki. Ulikuwa bado shule ya msingi. Mtaalamu mmoja kijana alifika Kibirizi na mpango wa ghala la baridi la samaki, lenye gesi mpya isiyo na madhara kama ya zamani, kwa sharti moja: friza chakavu za mtumba ziondolewe polepole pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki. Wauza samaki wakanichagua niwasemee. Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Yule kijana alikuwa na haki katika mambo makubwa, akakosea madogo mawili, na mimi nikayadaka hayo madogo. Lile la kwanza nilimsahihisha taratibu. La pili nilimsahihisha kwa Kifaransa, kisha nikawatafsiria watu.

Akina mama walipiga vigelegele. Mwenye mitumbwi mmoja akamwambia, "Rudi shule, bwana mdogo. Mwalimu yuko hapa." Kijana alikusanya vitu vyake huku watu wanacheka. Hakuinua uso.

Nilirudi nyumbani nimejaa fahari. Mama yako alikuwa anachambua mchele.

"Ghala linajengwa lini?"

"Sijui. Lakini nimemshinda."

"Umemshinda. Na ghala?"

Nikaanza kuvua viatu. "Haya, Profesa wa Barafu," akasema, "njoo ule."

Kijana yule hakurudi, na ghala halikujengwa Kibirizi. Huenda angeandika taarifa nzuri kuhusu sisi. Mimi nilihakikisha hana cha kuandika isipokuwa aibu yake. Samaki wa migebuka wakiwa wengi na umeme ukakatika, namwona Mama Zaina akiwamwaga mchangani na kunguru wakishuka. Hajawahi kunilaumu, na ndiyo maana kila friza yake ikileta matatizo naacha kazi nyingine zote nakwenda.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimekwisha kufundishwa namna nyingine. Nilifundishwa siku ya posa ya mama yako, na kipande cha kisa hicho sijawahi kukusimulia.

Unakumbuka kwamba mimi sikuwa na wazee huku. Baba yangu alikuwa ng'ambo, na mtu hawezi kujiposea mwenyewe. Aliyenisimamia ni Mzee Ntakije, Mha wa hapahapa, aliyekuwa akiuza misumari na bawaba Gungu. Tulijuana kwa sababu nilikuwa nikinunua kwake na yeye akipenda kunisikia nikisema "bintu". Siku moja aliniambia, "Wewe huna mzee, na mimi nina domo. Nitakuwa mshenga wako." Akaniwekea sharti kwamba mle ndani nisitamke neno. Mshenga akisema, bwana harusi ni kiti.

Tukakaa kwenye kile chumba cha mbele cha nyumba ya bibi yako. Upande wao msemaji alikuwa baba mkubwa wa mama yako, Mzee Filipo. Mambo ya mahari yalikwisha bila ugomvi. Kisha Mzee Filipo akakohoa.

"Kijana ni mzuri," akasema. "Friji ya parokia aliifufua, mpaka padri anatukaribisha maji ya baridi. Ila hana kwao. Leo yuko Ujiji. Kesho vita ikiisha atavuka ziwa na binti yetu, na mimi nitamtafuta wapi, ndani ya maji? Aape hapa kwamba hatarudi Kongo maisha yake yote."

Damu ilinipanda. Kule nilikuwa na baba, mama, na kaburi la babu aliyenilea. Nilifungua mdomo. Mzee Ntakije akanikanyaga mguu, tena na kisigino.

"Mzee Filipo," akasema, "tunaomba kutoka kidogo tukaangalie kama mvua inakuja."

Ilikuwa Julai. Mbingu ilikuwa nyeupe kama sahani. Hakuna aliyecheka, wazee wa kule wanajua maana ya kwenda kuangalia mvua, na mwenye nyumba hakatai.

Nje nikamwambia, "Anataka nikane kwetu."

"Hilo ni alilolisema. Mimi nakuuliza anachokiogopa."

"Kwamba nitaondoka."

"Kuondoka watu wote wanaondoka. Mimi mwenyewe mabinti zangu wako Tabora. Yule anaogopa kuamka asubuhi moja akute mlango wenu uko wazi na masufuria hayapo, na majirani wanamtazama." Akapangusa jasho shingoni. "Na wewe huwezi kumpa kiapo anachotaka. Ukimpa, utamchukia, kisha utamchukia na binti yake. Turudi ndani. Na uso wako uutengeneze, unaonekana kama mtu aliyeng'atwa na nyuki."

Tukarudi.

"Mvua haiji," Mzee Ntakije akasema. "Sasa, kijana hawezi kukana kaburi la babu yake. Akilikana hilo leo, lako atalikana kesho. Lakini anasema hivi: hatavuka ziwa bila kuaga. Na ataaga hapa, kwenye chumba hiki, amekaa kwenye kiti hichohicho, mbele yako wewe au mbele ya atakayekuwa amebaki."

"Na nikimkatalia?"

"Utakuwa umekataa. Mtabishana siku hiyo, mkiwa ndugu. Leo hamjawa ndugu, mtabishania nini?"

Mzee Filipo akatazama wenzake, akaanza kucheka kidogokidogo, mpaka akashika magoti. "Basi," akasema. "Kiti hicho kisitoke ndani ya nyumba hii."

Kwa miaka mingi aliwasimulia watu wa Gungu kwamba yeye ndiye aliyemfunga Mkongomani kwa kamba kwenye kiti. Mimi niliwasimulia Wabembe wenzangu wa Katonga kwamba nilitakiwa nikane kwetu na sikukana. Sote tulisema kweli. Kila mmoja alitoka na kitu cha kwenda kusimulia kwao.

Mwaka jana uliporudi kutoka mkutano wako wa kwanza, ulikokaa safu ya nyuma kusikiliza tu, ulikuwa na hasira. Ulinisimulia mjumbe wa nchi moja ya joto kali aliyekataa kila tarehe waliyomwekea, mchana kutwa, mpaka wenzake wakaanza kumwita king'ang'anizi, na wewe ukakubaliana nao. Sikukujibu siku ile. Leo nakuuliza: yule mtu akirudi kwao, ambako kiangazi kinaua wazee vyumbani, angesimulia nini? Pale Kigali nchi za namna hiyo zilipewa muda mrefu zaidi kuliko sisi, na wapo walioona ni udhaifu. Mimi nilipoisoma habari ile nilimwona Mzee Ntakije anatoka nje kuangalia mvua.

Na mtakapofika kwenye friji za mtumba, mwanangu, najua utasema milango ifungwe. Nakubaliana nawe. Bandari zetu zisifanywe jalala la mashine ambazo wenyewe wamezichoka. Nimezifungua mashine hizo tangu kabla hujazaliwa, najua zinavyokuja zimeoza ndani. Sikuombi umtetee Mama Zaina kwa hotuba. Mtakapokuwa mnaandika ni lini, na nani atalipia ghala la kuziba pengo, kumbuka tu kwamba friza yake ipo pale, na samaki hangoji mkutano uishe.

Sasa swali lako.

Ahadi ile ya Mzee Ntakije ilifaa kati ya watu waliokuwa hawajaaminiana. Iliwapa nafasi ya kuja kuaminiana, na waliaminiana. Mzee Filipo alipougua, mimi ndiye niliyekuwa nikimnyoa ndevu. Lakini mimi niliichukua nikaifanya godoro, nikailalia. Kwa kuwa sikukana kurudi, nilijiona kama mtu anayerudi. Nikaishi hapa kama msafiri aliyechelewa. Chumba cha nyuma sikukiwekea saruji. Unajua jinsi vumbi lake lilivyokuwa likimkoholesha mama yako. Kila aliponiuliza, nilisema tutaona. Siku alipochimba shimo la mchikichi nyuma ya nyumba nilimwambia mchikichi unachukua miaka kuzaa. Hakuacha kuchimba. "Kwani wewe unakwenda wapi?" akaniuliza.

Alipanda peke yake, nami nikasimama na ndoo ya maji kama mgeni. Mchikichi unazaa sasa, na mawese yake tunayala. Alizikwa hapa bila kulisikia jibu, na hilo hakuwahi kulitania. Nchi mbili zinaweza kukaa na neno lililoachwa wazi miaka mingi na bado zikapatana, na pengine utakuwa na kazi ya kuandika maneno ya namna hiyo, nayo ni kazi ya heshima. Mke hawezi kukaa na neno hilo, wala mtoto. Ulipoweka sufuria chini Alhamisi, niliona nataka kukufanyia wewe nililomfanyia mama yako.

Ijumaa nilikwenda Gungu. Nilimwambia bibi yako naomba kukaa kwenye kile kiti. Akashika kifua.

"Umekuja kuaga?"

"Hapana, mama. Nimekuja kusema kwamba sitaaga."

Kisha akaanza kucheka, kile kicheko cha ukoo wao, cha kushika magoti. "Miaka yote hii kiti kinakungoja," akasema, "mguu mmoja mchwa wamekwisha kuula. Kaa polepole." Nikakaa polepole. Akaniletea chai. Nilimwomba akuambie, akakataa. "Mwambie mwenyewe. Mimi Jumapili nitamchelewesha na chakula, wewe uandike." Kwa hiyo kama leo umekula kupita kiasi, sababu ni mimi.

Jana nilimpigia simu baba yako mdogo, Safari, kule Baraka. Nilimwambia kiwanja cha baba ajenge yeye, au wanawe, asiniwekee sehemu. Akaniuliza, "Kaka, ndiyo unatuaga hivyo, kwa simu?" Nikasema ndiyo. Nilisikia kuku wa uani kwao, na mtu anatwanga. Nilikaa na simu sikioni mpaka salio likaisha, na ninafikiri naye alikaa hivyohivyo. Hilo limeniuma na litaendelea kuniuma, wala sikuombi ulipunguze. Wewe endelea na treni yako.

Pikipiki imesimama nje, nasikia sauti yako ukimwambia dereva achukue na ndizi za bibi. Milima imeanza kuwa myeusi. Nitaitia barua hii kwenye begi lako, mfuko wa pembeni, uisome mkishapita Uvinza. Ukiniuliza tena leo usiku nitakuambia tu panda treni, jibu liko kwenye begi.

Jumatano fundi anakuja kumwaga saruji chumba cha nyuma. Ukija likizo utakikuta kimekauka, na utalala humo.

Nakupenda, mwanangu. Sitarudi Baraka.

Baba yako